Niliomba Ushauri, Wakawala Jogoo wa Jirani Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na saba, mjane, na nashona nguo kwenye kibanda kidogo huku Kawangware. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma magazeti ya zamani na kwa kuuliza. Nimezoea kuhakikisha jambo kabla ya kulisema. Ndiyo maana yaliyonipata mwanzoni mwa miaka hii ya tisini yananiuma hadi leo...

Wakati huo nilikuwa nikiishi Kambi Muru, Kibera. Ukuta wa udongo tu ndio ulionitenganisha na Mama Ayuma, mke wa fundi wa mawe kutoka upande wa Kakamega. Mimi ni mtu wa ziwani, lakini mwanamke yule alikuwa kama dada wa tumbo moja nami. Nilipougua homa ya matumbo, ni yeye aliyenipikia uji, akaniogesha, akanifulia mashuka bila kukunja uso. Ndugu zangu wa damu hawakufika.

Mumewe, Baba Ayuma, alifuga jogoo wawili. Hawakuwa wa kuuza wala wa kuliwa. Kila mmoja alikaa peke yake chini ya tenga lililofunikwa gunia, nyuma ya nyumba, ili wasionane. Mchana niliwasikia wakipiga mabawa humo gizani.

Siku moja upepo ulipeperusha gunia, nikamwona mmoja vizuri. Kifuani na mapajani alikuwa amenyonyolewa manyoya, ngozi imekuwa nyekundu kama kidonda. Kilemba chake kilikuwa kimekatwa chote. Jicho moja lilikuwa limevimba hadi likafungana. Nilibaki nimesimama pale na ndoo yangu ya maji. Kiumbe huyu alikuwa amekosa nini?

Nikaanza kuchunguza. Kila Jumapili baada ya ibada, Baba Ayuma alitia jogoo mmoja kikapuni, akamfunika kwa koti, akashika njia ya Kawangware kwa miguu. Jioni alirudi, na mara nyingine kikapu kilidondosha damu mlangoni. Nilimuuliza mkewe kwa utani. Akacheka, akaniambia kwao kupiganisha jogoo ni mchezo wa wanaume tangu enzi za babu zao.

"Usiwahurumie hao, Mama Akinyi," alisema. "Wanalishwa kuliko mimi. Ningekuwa jogoo wa Baba Ayuma, saa hii ningekuwa nimenona."

Nilicheka naye, lakini moyo haukutulia. Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba sheria inakataza kutesa wanyama. Nikiripoti, rafiki yangu angeweza kupoteza nyumba, kwani mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga alikuwa amekataza mifugo tangu zamani. Nikinyamaza, yule jogoo wa jicho moja angerudishwa uwanjani Jumapili. Ningefanya nini? Nimtetee ndege, nimpoteze aliyeniogesha nikiwa siwezi kuinua mkono?

Hapo ndipo nilipokosea njia... Kijijini kwetu, jambo likikutatiza unampelekea mzee. Anakusikiliza, mnalizungumza, kila mtu anarudi kwake. Basi nikamwendea mzee wa kijiji wa Kambi Muru kana kwamba ni mzee wa nyumbani. Nilisahau kwamba mzee wa kijiji wa Kibera ni sikio la chifu wa serikali!

Nilimwambia wazi kwamba sikuja kushtaki, nimekuja kuuliza. Yeye aliniuliza mambo mawili tu: jogoo ni wa nani, na mwenyewe hushinda nyumbani siku gani. Kisha akanisifu, akaniambia niende nikashone.

Jumamosi alikuja na askari wawili wa chifu. Watu wakajaa uani. Matenga yakainuliwa, na mzee akanigeukia mbele ya ploti nzima.

"Mama Akinyi, si ndio hawa?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini sijazoea kusema uongo.

"Ndio hawa," nikajibu.

Mama Ayuma hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi.

Mumewe alipotiwa pingu, hakujitetea. Aliwasihi askari wasiwabebe jogoo kichwa chini, kwa sababu mmoja alikuwa na mshono kifuani. Mshono! Ndipo nikaelewa uzi ambao mkewe alikuwa akija kuniomba mara kwa mara ulikuwa wa kazi gani. Mtu yule aliwapeleka jogoo wakararuane, kisha akaketi akawashona vidonda kwa mkono wake na kuwakanda ngozi kwa maji ya chumvi. Alikuwa mkatili? Ndiyo. Aliwapenda? Ndiyo pia. Pamoja na uchunguzi wangu wote, nilikuwa nimeona upande mmoja tu.

Na jogoo je? Waliliwa! Jioni ile ile, mama anayeuza mboga karibu na kambi ya chifu alituletea habari kwamba askari walikuwa wakichoma kuku, na mzee wetu wa kijiji alikuwa ameshika paja. Kiumbe niliyetaka apone nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye makaa...

Baba Ayuma aliachiliwa baada ya siku chache, lakini mwenye ploti alikuwa ameshapata sababu. Wakaambiwa wahame. Siku ya kufungasha nilikwenda kusaidia kubeba kitanda. Mama Ayuma alikiondoa mikononi mwangu taratibu.

"Umekaa jikoni kwangu miaka yote hii," aliniambia. "Ungeniambia mimi. Unadhani mimi nilipenda kuosha damu mlangoni? Tungewachinja wote wawili, mume wangu anune wiki moja, yaishe."

Nilisogea pembeni, wakabeba kitanda wenyewe.

Baada ya hapo Kambi Muru haikukalika. Vijana wakipita mlangoni pangu waliwika. "Sasa Mama Chifu," mmoja aliniuliza, "kuku wangu anakohoa, nimshtaki nani?" Wanawake walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona. Mwishowe nikabeba cherehani yangu nikahamia huku.

Juzi nilikutana na Mama Ayuma sokoni. Alikuwa akichagua nyanya. Nilimwita kwa jina.

"Habari yako, mama," alijibu, vile mtu anavyomsalimia yeyote aliyesimama njiani. Akamwomba muuzaji amwongezee nyanya moja, akaenda zake.

Wasomaji wenzangu, sisemi mnyamaze mkiona kiumbe anateswa. Yule jogoo aliteseka, na hilo sitalikana. Ila nawasihi, kabla ya kupeleka neno kwa mwenye pingu, bisheni kwanza mlango wa jirani. Mwambieni mkimtazama usoni. Akikasirika, mtagombana, na waliogombana huweza kupatana. Mimi na Mama Ayuma hatukugombana hata siku moja... Sasa nitamwomba mtu gani atupatanishe, na atupatanishe kwa lipi?