Saa ya Mlinda-moyo

Mlinda-moyo ulikuwa mtambo mdogo, hauzidi birika la kahawa, lakini ndio uliokuwa ukimweka Mihayo hai. Ulining'inia ukutani juu ya kitanda chake. Mrija mwembamba kama uzi ulitoka humo ukaingia kwenye mshipa mkubwa wa begani. Mrija huo ulisukuma damu usiku na mchana, na mara mbili kwa siku ulidondosha dawa ya kuutuliza moyo: saa moja asubuhi na saa moja jioni. Si kabla. Dawa mbili zikikaribiana, moyo unazimika kama jiko lililomwagiwa maji.

Katika Tabora ya siku hizo nyumba nyingi zilikuwa na mtambo kama huo. Hospitali yenyewe ilikuwa ng'ambo, bara jingine kabisa, na maagizo ya daktari yalifika kwa mawimbi kabla hujafumba jicho.

Kalunde, mke wa Mihayo, alirudi kutoka zamu yake ya Jumapili na bakuli la uji mkononi. Alikuwa fundi wa mitambo, na jicho la fundi halipumziki. Akautazama uso wa mlinda-moyo. Uliandika 6:40.

Akatazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini, mchana. Mtambo ulitakiwa kuandika 12:40, kwa kuwa yote hutoka kiwandani ikihesabu saa tangu usiku wa manane. Akaliweka bakuli chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mama, nani kaugusa huu mtambo?"

Mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, alikuwa kwenye kigoda anachambua choroko. "Mimi. Nimeurekebisha saa tano ile. Ulikuwa mwongo, mwanangu. Kuku wanajikuna juani, wenyewe unasema kumi na moja, kama vile tumeshapika cha jioni! Nikasema huu utamchanganyia mwanangu dawa. Nikaurudisha nyuma mpaka ukasema kweli. Si unaona? Saa sita na dakika arobaini. Umenyooka."

"Mama, umeurudisha saa sita nzima."

"Ndiyo, nimezihesabu. Kwani nilienda shule kucheza?"

Mihayo akacheka kitandani, kicheko cha mtu asiye na pumzi ya kutosha. "Mke wangu, mbona jasho? Mama kanifanyia ufundi, unamwonea wivu?"

Kalunde hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu nao, kwa sababu mambo haya hayasemwi kwa kusimama.

"Sikilizeni. Saa saba kamili mtambo huu utaamini ni saa moja asubuhi. Utampa dawa."

"Lakini asubuhi umeshampa!" Bibi Nyamizi akasema. "Hauna kumbukumbu?"

"Unayo. Umeandika kwamba dawa ya saa moja imetolewa. Lakini kwa saa yake mpya, saa moja haijafika. Jambo ambalo wakati wake haujafika haliwezi kuwa limetokea. Kwa hiyo umelifuta."

Choroko zikamwagika kutoka mapajani mwa bibi.

Dakika kumi na tano. Kalunde akabonyeza sehemu ya saa ili airudishe ilipokuwa. Sauti laini ya mtambo ikamjibu: "Saa imeshabadilishwa leo. Imefungwa. Omba ruhusa ya hospitali."

Akaomba. Hospitali ikajibu upesi, na mlinda-moyo ukasema kwa adabu ileile: "Barua hii imeandikwa wakati ambao haujafika. Ni ya uongo. Imekataliwa."

"Ung'oe, basi!" bibi akalia. "Ng'oa hiyo kamba!"

"Ndiyo inayosukuma damu yake, mama. Nikiing'oa namuua kwa mkono wangu."

Mihayo aliutafuta mkono wa mama yake juu ya shuka akaushika.

Dakika kumi. Kalunde akafumba macho, akajilazimisha kufikiri polepole. Kila mtambo una saa mbili. Ya ndani ni saa ya dunia, moja kwa watu wote, na hiyo ni kama ngozi. Juu yake mtambo huvaa saa ya nchi ulipo, na hiyo ni kama shati. Bibi alikuwa amechuna ngozi, na ngozi imefungwa. Lakini dawa hutolewa kwa kufuata shati, ili mgonjwa akisafiri apate dawa yake kwa asubuhi ya huko aliko. Na shati halikufungwa.

"Tutaudanganya kwamba Mihayo amesafiri," akasema.

"Usogeze mbele basi, mchana ufike," bibi akasema.

"La! Ukiruka saa moja asubuhi utaona dawa imepita, utaitoa hapo hapo. Tunarudi nyuma. Tunakwenda nchi iliyo nyuma yetu kwa saa sita. Hapo utaona ni usiku bado, na saa moja yake ya asubuhi itaangukia saa moja yetu ya jioni. Sawasawa na cheti."

Akafungua orodha ya miji. Dakika sita. Mji wa kwanza uliofaa ukatokea, kidole chake kikashuka, kikasita hewani. Pembeni ya jina kulikuwa na kijua kidogo cha manjano. Ile ni alama ya nchi ambazo kila mwaka watu wake husogeza saa mbele ili wafaidi jua la jioni, kisha baadaye huirudisha. Akasoma tarehe. Walikuwa wanasogeza leo. Dawa ingetoka saa kumi na mbili jioni, mapema kwa saa nzima, wakati wao wameshapumua na kusema Mungu mkubwa.

Akapitisha orodha. Kijua. Kijua. Kijua tena. Dakika mbili. Kisha kisiwa kimoja ambacho hakuwahi kukisikia, kisicho na kijua. Akabonyeza.

Mlinda-moyo ukafikiri. Uso ukabadilika: 0:59.

"Karibu ugenini," ukasema. "Usiku mwema."

Saa saba ikafika, ikapita. Mrija ukaendelea na damu tu.

"Kwa hiyo mwanangu yuko kisiwani," Bibi Nyamizi akasema, machozi yakimtiririka. "Na hajaniletea hata zawadi."

Mihayo akacheka. Kalunde hakuweza. Miaka minane nyuma, karakanani kwao, inakotengenezwa mitambo hiyo, mtu mmoja aliomba mlinda-moyo uwekewe uso wa saa za Kiswahili, kama wazee wanavyohesabu. Yeye ndiye aliyejibu kwamba watu watazoea.

"Mama," akasema, "nani alikufundisha kufungua saa?"

"Mama Kabula wa mlango wa tatu. Ya mumewe aliibadili jana asubuhi. Anausifu! Anasema tangu jana mchana mzee amepata usingizi wa kweli, hata chai ya leo hajaamka kunywa."

Kalunde alitoka bila viatu.

Mama Kabula alikuwa mlangoni anasuka ukili. Akaweka kidole mdomoni. "Taratibu, mwanangu. Mzee kalala."

Juu ya kitanda taa nyekundu iliwaka na kuzimika, mtambo ukiita hospitali ambayo wenyewe hauiamini. Chini yake uso wa mtambo uliandika 7:12, sawasawa kabisa na saa ya Kiswahili ya sebuleni.