Shimo Kwenye Sakafu ya Mama Carlota

Kila asubuhi Bernardo alitoka kwao Mtawanya na fimbo zake begani, akaelekea kiwanja cha gofu. Kabla ya kupiga mpira hata mmoja, alishika gunia na kulikokota juu ya duara la mchanga mpaka likawa laini. Ndivyo gofu ilivyochezwa Mtwara miaka ile ya mwanzo wa sabini. Shimo lilikuwa katikati ya mchanga uliochanganywa na oili chafu, na mchezaji mwenyewe ndiye aliyeusawazisha. Kwenye mchanga mpira huwa mzito, lazima uupige kwa nguvu. Bernardo alikuwa na nguvu za kugawa.

Alipofika miaka kumi na saba, alikuwa amewashinda watu wazima wote wa mji. Lakini bado alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani alicheza kwa mapenzi tu, na zawadi zake zilikuwa vikombe na chupa za chai. Yeye alitaka kuwa mchezaji wa kulipwa, kama mwalimu wake, Abdallah. Baba yake, Mzee Alfredo, hakuuamini sana mchezo huo.

"Nakupa nafasi mbili za kufanya mtihani wa wachezaji wa kulipwa," alimwambia. "Ukishindwa yote, tunarudi wote kijijini kwetu Kitaya kulima mpunga."

Mtihani wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam. Bernardo alipofika kwenye shimo la kwanza, alitazama huku na huku.

"Samahani, gunia liko wapi?"

"Gunia la nini?" akauliza msimamizi.

"La kusawazishia."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hapakuwa na mchanga pale. Palikuwa na nyasi zilizokatwa fupi sana. Kwa aibu, Bernardo akaupiga mpira kama alivyozoea. Ukapita shimo, ukapita miguu ya watu, ukaishia kichakani. Mashimo mengine yalikwenda vivyo hivyo, naye akashindwa vibaya.

Aliporudi Mtwara, kila aliyemwuliza alipewa jibu moja: nyasi za Dar ni mbovu. Mwishowe Abdallah akachoka kusikia.

"Wenzako waliofaulu walicheza juu ya nyasi zilezile," alimwambia.

Bernardo akanuna, akaacha kwenda kiwanjani.

Siku moja mama yake, Mama Carlota, alisiriba sakafu ya nyumba kwa udongo, akaiacha ikauke vizuri. Bernardo akaingia amekasirika, akautupa mpira chini. Mpira ukadunda kidogo, ukabiringika polepole, ukavuka chumba chote na kutokea mlango wa uani.

"Ungeupiga kwa hizo nguvu zako, tungekwenda kuufuata Mikindani," mama yake akasema.

Bernardo hakucheka. Aliurudisha mpira ndani, akaugusa kidogo tu kwa fimbo. Ukaenda tena mpaka mlangoni. Kumbe sakafu hii ilikuwa kama nyasi za Dar, haikutaka nguvu.

"Mama, naomba nichimbe shimo. Hapa."

"Kwenye sakafu yangu? Una wazimu, mwanangu?" Lakini alipomtazama usoni, aliona furaha ambayo hakuiona tangu kijana arudi kutoka Dar. "Haya, chimba. Ila kuanzia leo, kusiriba ni kazi yako."

Basi ikawa kazi. Bernardo alichota udongo, akaukanda, akasiriba mpaka vidole vikapasuka. Mdogo wake Graca alicheza naye zamu kwa zamu, wakitambaa chini ya vitanda kutafuta mipira. Mwanzoni hata mmoja haukuingia shimoni. Nguvu alizojivunia ndizo zilizomponza, na ilimwuma sana kujifunza upya kama mtoto. Hata hivyo, hakuacha.

Mwaka uliofuata alirudi Dar es Salaam pamoja na Abdallah.

"Umekuja na gunia lako?" mmoja akamtania.

"Nimeliacha nyumbani, kaka," alijibu Bernardo akitabasamu.

Safari hii alicheza vizuri, shimo baada ya shimo, hadi likabaki pigo moja. Mpira ukiingia, amefaulu; ukikosa, Kitaya inamngoja. Nyasi ziliteremka kuelekea shimoni. Bernardo aliinama, akaikumbuka sakafu ya mama yake inavyoinamia uani. Akaugusa mpira. Ukaenda taratibu, ukasita ukingoni, ukatumbukia! Abdallah alimrukia kwa furaha nusura waanguke wote wawili.

Siku waliyorudi, nyumba ilijaa majirani. Mzee Alfredo aliushika mkono wa mwanawe, hakutaka kuuachia.

"Mpunga nitalima mwenyewe," alisema, na machozi yalimlengalenga.

Abdallah akawageukia watoto waliojazana mlangoni. "Mnamwona huyu? Alipokuwa akilaumu nyasi, hakusogea hata hatua moja. Alipokubali kwamba hajui, akajifunza kwa bidii, leo ni mchezaji wa kulipwa. Nanyi mkikosea, msitafute wa kumlaumu. Tafuteni pa kujifunzia."

"Maneno mazuri," akasema Mama Carlota. "Sasa nizibieni shimo langu."

Bernardo akaenda kuchota udongo. Aliporudi, alimkuta Graca ameinama na fimbo mkononi. Msichana akaugusa mpira kidogo tu, ukabiringika hadi shimoni. Majirani wakashangilia.

Mama Carlota akashusha pumzi. "Basi liacheni," alisema. "Mwalimu ameshapata mwanafunzi."