Mwenyeji wa Chumba cha Nyuma

Jua lilikuwa limekwisha kuigusa migongo ya makontena ya bandari kavu ya Isaka, Usukumani, pale Mwanaima alipotoka dukani, balbu moja mkononi, imeviringishwa katika gazeti. Muuzaji alikuwa amemtania kwamba hiyo ni ya tatu kwa wiki, labda kuna mtu nyumbani anazila. Mwanaima hakucheka. Balbu za chumba cha nyuma hazikuungua. Zilizimika tu, nzima, na zikihamishwa ziliwaka kwingine kote.

Leo hakutaka giza popote. Mama yake, Bi Mwasiti, na Samia, shoga yake wa utotoni, walikuwa wamewasili alasiri kutoka Mombasa, siku mbili njiani, kuja kuiona nyumba ambayo mumewe Nuruddin alimjengea katika nchi hii ya ugenini. Ndivyo walivyosema. Lakini Mwanaima alimjua mama yake. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika ndani ya nyumba hii, na ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Nyumba ikimtia shaka, Bi Mwasiti angeondoka naye kesho. Na Nuruddin alikwisha kusema kwamba akiondoka, asirudi.

Akaifunga balbu mpya chumba cha nyuma. Ikawaka. Akaufunga mlango wa chumba kile kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani, akaenda kuwatembeza wageni wake.

Katika kila mlango alisimama kando, kama alivyolelewa, akasema, "Karibuni." Nao wakaitika, "Starehe." Sebuleni Samia alichungulia dirishani, akatazama yadi ya mizigo.

"Shoga, sisi tuna bahari. Wewe unapungiwa upepo na makontena."

Hata Bi Mwasiti alitabasamu. Jikoni alifunua masufuria. Chumbani aliufunua mtungi wa maji, akalibonyeza godoro, kisha akamshika bintiye tumbo kwa kiganja kilichotulia. Uso wake ulikuwa umeanza kulainika. Mwanaima akaanza kupumua.

Ndipo harufu ilipokuja.

Samadi mbichi... na maziwa yaliyochachuka.

"Mnafuga?" aliuliza Bi Mwasiti.

Hawakufuga. Ng'ombe wa karibu walikuwa ng'ambo ya reli. Mwanaima alisema ni upepo, ingawa pazia lilikuwa limetulia. Mama yake alikwisha kuigeukia korido, kule mwisho, ambako mstari wa nuru ulionekana chini ya mlango.

Nuru ikazimika.

Mwanaima akaeleza haraka kwamba kile ni stoo tu.

"Nyumba huonyeshwa yote, mwanangu."

Akaenda mwenyewe, akagonga kwa kidole kimoja, kwa mazoea ya adabu ya maisha mazima.

"Hodi."

Akagonga tena.

"Hodi."

Ndani, kengele ililia mara moja, nzito, ya shingo ya mnyama. Kisha kitu kikubwa kikajigeuza polepole, kama ng'ombe ainukaye alipolala. Mwanaima alifumbua kinywa, alitamke lile neno alilolitamka katika kila mlango.

Likatamkwa kabla yake.

"Karibuni."

Ilikuwa sauti ya mzee, yenye lafudhi ya Kisukuma, isiyo na haraka. Samia alishika ukuta, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa midomo tu. Ufunguo ulikuwa bado kifuani mwa Mwanaima, baridi... na mlango ulikuwa ukifunguka.

Bi Mwasiti akavua viatu. Akainama mbele ya giza.

"Shikamoo, mwenye nyumba," alinong'ona. "Sisi wageni wako."

"Marahaba."

Pumzi ndefu ikapita, yenye joto la nyasi.

"Huyu binti, miaka miwili ananikaribisha. Mimi. Kwangu."

Mwanaima akakumbuka. Kila Alhamisi magharibi, kama bibi yake alivyomfundisha, alipita na chetezo cha udi chumba kwa chumba. Na hapa, kwa kuwa palikuwa pazito, alizidisha ukarimu: karibu mgeni, keti kwa heri, uondoke kwa heri. Aliomba radhi huku machozi yakimtoka. Hakujibiwa yeye. Sauti ilishuka, ikawa kama inazungumza na tumbo lake.

"Huyu hatakuwa mgeni."

Balbu ikawaka. Chumba kilikuwa kitupu. Katikati ya sakafu, saruji ilikuwa na joto, duara pana, kama mahali alipolala mnyama.

Nuruddin alipobanwa usiku ule alisema yote bila kuinua macho. Bujiku, aliyemuuzia kiwanja, alimwonyesha lilipokuwa zizi la ukoo. Humo babu yake Bujiku alizikwa, kama wakuu wa kaya wa Kisukuma walivyozikwa zamani, chini ya kwato za ng'ombe wake. Bujiku alimsihi apaache pawe wazi. Nuruddin aliona nafasi inapotea bure, akamwaga zege, akapajenga chumba cha nyuma.

Asubuhi Bi Mwasiti alifunga sanduku moja tu, lake.

"Nilikuja kukuchukua," alisema. "Sasa siwezi. Ukitoka na mimba hii, utakuwa umebeba cha mtu."

Mtoto alizaliwa mzima. Wakamwita Abdulshakur. Ana miaka mitatu, mnene, mwenye afya, na nywele zake zikioshwa vipi, harufu ya maziwa yaliyochachuka haitoki. Balbu ya chumba cha nyuma haijazimika tena. Hapo ndipo apendapo kucheza, peke yake, kila jua linapotua, naye haingii kwa hodi.

Mwezi uliopita Samia alikuja tena. Mwanaima alimtembeza nyumba yote, na walipofika mwisho wa korido alisimama kando ya mlango. Ndani, kengele ililia mara moja. Mtoto akatokea kizingitini, mikono nyuma, akawatazama kwa zamu bila haraka.

"Karibuni," alisema.

Mwanaima akavua viatu.

"Starehe," akaitika, akasubiri mwanawe ampishe.