Mgeni Asiyesajiliwa

Msimamizi wa nyumba za wanafunzi wa uzamili alibisha hodi asubuhi, mpole kama kawaida yake.

"Dada, sheria unazijua. Mgeni akizidisha wiki, asajiliwe. Na huyo shangazi yenu mwambieni asafishe jiko la pamoja akishapika."

Mwanafunzi aliyemfungulia alibaki na mswaki mdomoni. Mle ndani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe na binti yao mdogo, ambaye hata shule hajaanza.

"Hatuna mgeni," alisema.

"Jana kanisalimia mwenyewe. Mrefu, kajitanda nyeupe. Kasema amekuja kulea."

Jikoni sufuria yao ilikuwa bado ya moto, na ndani yake hamna kitu, ila harufu ya nywele zilizoungua. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa akisuuza vikombe. Akamsifu huyo anayemwimbia mtoto.

"Sauti nzuri jamani," akasema, kisha akashusha sauti. "Ila hapumui. Nimesikiliza sana. Hapumui."

Mama mtu akarudi chumbani, akaketi kitandani karibu na binti yake.

"Mwanangu, shangazi yuko wapi?"

Mtoto akamshangaa. "Si umemkalia."

Mume alipoelezwa hakubisha. Alimpigia mjomba wake, mtu wa kusoma na kufukiza, naye akafika mchana uleule. Mjomba akafunga mlango, akawasha ubani, akamshika mtoto kichwani na kuanza kusoma. Mtoto akawa baridi, na ukutani ule wimbo ukaanza, mwanzo kama mtu anayeguna usingizini, kisha ukapanda, ukawazunguka, ukaingia kwenye meno yao na ndani ya vifua vyao, hata mama akajikuta midomo yake inaufuata wimbo ambao hajawahi kufundishwa na mtu, huku moshi ukijikusanya darini mpaka kengele ya moto ikalia jengo zima.

"Msitoke," mjomba alinong'ona. "Nikikatizwa hapa, huyu mtoto atakuwa wake."

Lakini kengele ikilia, kila mtu sharti atoke. Msimamizi alifungua kwa ufunguo wake, walinzi wakaingia, wakawabeba kwa nia njema kabisa, mmoja mmoja, mjomba akiwa bado anasihi.

Nje kwenye nyasi, msimamizi alisema kwa masikitiko kwamba kwa kosa la moshi itabidi wahame.

"Tutahama," mume alijibu haraka. "Hata leo."

Mjomba alikuwa amekaa chini, mikono imemlegea. "Mtahama naye," alisema. "Mimi sina tena la kumfanya."

Binti alikuwa amesimama peke yake kando ya ngazi, mkono wake mmoja umeinuliwa kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mzima.

"Njoo, mama," mamake alimwita. "Njoo kwangu."

Mtoto aliinua uso, akatazama juu pembeni yake, akangoja. Kisha akatikisa kichwa.

"Amekataa."