Siku Thelathini Mkononi

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, katika ukumbi wa maonyesho uliofurika watu, fundi saa alimkanyaga mpiga eksirei.

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia mkono wako."

"Na mguu wangu je, hukuuona?"

Miezi minane baadaye fundi alimwomba wafunge ndoa. Akajibiwa: nitafikiri. Kilichomfikirisha dada huyo kilikuwa saa yenye upana wa milimita thelathini na sita.

Fundi alitengeneza saa nne tu kwa mwaka, akisugua kwa mkono kila kipande, hata vile ambavyo mvaaji hatavitazama kamwe. Kabla ya kuikabidhi, kila saa aliivaa mwenyewe siku thelathini, mchana na usiku, na kila asubuhi akaandika imezidi au imepungua sekunde ngapi. Hii ya sasa ilikuwa ya wakili mmoja, mwanamke mwenye saa kumi na moja za mafundi wa aina hiyo, aliyeisubiri miaka mitatu. Kila siku saa moja asubuhi wakili alipiga simu.

"Imeamkaje?"

"Vizuri sana. Imezidi sekunde mbili."

"Nitunzie, fundi wangu."

Mpiga eksirei, tayari ndani ya sare yake ya buluu, aliacha kupaka mkate siagi.

"Huyo anayekuita fundi wangu ana mume?"

"Sijamuuliza."

"Miaka mitatu hujauliza?"

"Tunaongea saa, mpenzi. Wivu utakuzeesha."

"Nikizeeka utanivaa na mimi mwezi mzima?"

Siku ya ishirini na mbili, fundi akiwa anaoga, mpiga eksirei aliichukua saa mezani na kuigeuza. Nyuma ya kioo, vyuma viling'aa kama maji yaliyotulia, na gurudumu dogo lilipiga bila kuchoka. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akavuta kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Mshale wa sekunde ukasimama. Akahesabu mpaka arobaini, akakirudisha.

Fundi aliandika: pungufu, sekunde thelathini na nane. Akampigia wakili, akamwambia kosa ni lake, na kwamba ataifungua yote kisha aanze upya. Siku tatu aliinama mezani, lenzi jichoni, akitafuta ubovu usiokuwepo.

"Usitafute tena," alisema mpiga eksirei. "Niliisimamisha mimi."

Fundi akatoa lenzi jichoni. "Thelathini na nane, na zile mbili inazozidi. Sekunde arobaini?"

"Arobaini."

"Ulihesabu vizuri." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kwa nini?"

"Kila asubuhi unamwambia mwanamke mwingine umelalaje."

"Saa imelalaje."

"Inalala mkononi mwako! Kuna tofauti gani?"

"Mkono wa wakili ni mwembamba kama wako," alisema fundi. "Wangu ulikuwa wa kukadiria tu. Safari hii ivae wewe."

"Na simu?"

"Anayevaa ndiye anayejibu."

Fundi aliiunga upya, mpiga eksirei akaivaa siku nzima na kulala nayo. Asubuhi, saa moja kamili, simu ikaita.

"Imeamkaje, fundi wangu?"

"Imezidi sekunde moja na nusu."

"Naongea na nani?"

Upande wa pili wa meza, fundi alikuwa ameshika penseli.

"Na mchumba wake," alisema mpiga eksirei. Penseli ikaanguka. "Na lile kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyeisimamisha."

"Kwa wivu?"

"Kwa wivu."

"Mimi ningeitupa dirishani," alisema wakili. "Haya, kesho saa moja."

Akakata simu. Fundi akaokota penseli, akaandika: siku ya kwanza, sekunde moja na nusu mbele.