Sekunde Nne za Sisimizi

Kila asubuhi kabla ya shule, mtoto aliyeitwa Sisimizi kwa udogo wake alichuchumaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea, saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni. Dada yake alikuwa katika timu ya taifa. Kocha alikuwa na waogeleaji wanne na macho mawili tu, kwa hiyo alimpa mtoto huyo kazi ya kupima mita mia za dada. Dada akigusa ukuta, Sisimizi anabonyeza, kisha anaandika sekunde kwenye daftari la timu.

Wiki hii bwawa lilikuwa kimya. Timu ilikuwa imerudi juzi kutoka mashindano ya dunia ya michezo ya majini. Katika mbio za kupokezana, dada alipewa zamu ya mwisho, zamu ya mwenye kasi kuliko wenzake. Alipoingia majini, timu ilikuwa ya sita. Alipotoka, ilikuwa ya nane, na timu zote zilikuwa nane.

"Wewe Sisimizi, dada yako alikwenda kuogelea au kuoga?" mvulana mmoja aliuliza darasani.

"Alikuwa anatafuta sabuni!" mwingine akadakia. Darasa likaangua kicheko. Sisimizi aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani alimkuta dada amelala, uso ukutani. Miwani yake ya kuogelea ilikuwa kwenye ndoo ya taka.

"Kocha akija jioni namrudishia fulana yake. Naacha," dada alisema. "Hapa naogelea kwa sekunde sitini, kule sitini na mbili. Kumbe mimi mwoga kama kunguru."

Sisimizi alitoka uani, bibi alikokuwa akikunja nguo.

"Mbona umenuna hivyo, mjukuu wangu? Haya, kitendawili!"

"Tega," Sisimizi alijibu kwa unyonge.

"Nimebeba mzigo usio na kilo, lakini umenipinda mgongo."

"Uongo, bibi." Hapo hapo akaangua kilio.

Bibi akaweka nguo chini. "Mimi jibu langu lilikuwa uzee. Lakini hilo lako limenishtua. Hebu sema."

Sisimizi akasema yote, kisha akauliza, "Na dada akinichukia?"

"Huenda akakuchukia, sikufichi. Lakini ukinyamaza, atabaki anajichukia mwenyewe."

Kocha alipofika, fulana ya taifa ilikuwa imekunjwa mezani. Kabla dada hajafungua mdomo, Sisimizi alisimama.

"Dada, zile sitini si za kweli. Nilikuwa nabonyeza kabla hujagusa ukuta. Siku ya kwanza ulilia kwa sababu ya muda wako, kesho yake nikakupunguzia kidogo, ukanikumbatia. Basi nikawa nakupunguzia kila siku."

Dada alimkodolea macho. "Dunia nzima imeniona nikiwa wa mwisho kwa sababu ulitaka kukumbatiwa?" Aliingia chumbani, akabamiza mlango.

Kocha alifunua daftari lake mwenyewe polepole, kisha akasimama karibu na mlango ule.

"Binti, nisikilize. Nilipokuchagua nilikupima mwenyewe: sekunde sitini na nne. Kule umeogelea kwa sitini na mbili. Hujawahi kwenda kasi hivyo maishani mwako. Hukushindwa na woga. Kukupa zamu ya mwisho lilikuwa kosa langu, niliamini daftari la timu bila kupima tena."

Kocha akamgeukia Sisimizi.

"Ungeandika sekunde za kweli, dada yako angelia siku moja, na mimi ningejua pa kumrekebisha. Ulimfurahisha mwezi mzima, halafu ukamwacha peke yake siku aliyokuhitaji. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli, hata kama utamliza. Leo umeusema umechelewa, lakini umeusema."

"Na usirudie," bibi akaongeza, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mlango ukafunguka. Macho ya dada yalikuwa mekundu.

"Kocha, kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kama kawaida."

"Nitakuja. Ila unipime wewe."

Alipita mbele ya Sisimizi bila kumtazama. Ilipita wiki nzima kabla hajamsemesha tena, na Sisimizi hakulalamika hata siku moja.