Dalmas na Bomba la Inchi Nne

Dalmas Wafula anakaa Al-Mahjar, Jeddah. Kazi yake ni kupeleka samaki wa bosi Riyadh kwa pikapu. Kila Alhamisi anapakia maboksi ya samaki na barafu, anaondoka alfajiri. Boksi la mwisho huenda mtaa wa Al-Malqa, huko huko Riyadh, nyumbani kwa dada ya bosi. Hilo boksi Dalmas hulipeleka akiwa amechana nywele.

Sababu ni moja. Mpishi wa nyumba hiyo ni Jerusha, mke wake. Wanaonana hapo getini, wanaulizana habari za watoto walio kwa nyanya yao Webuye. Halafu madam anaita. Halas, imeisha, mpaka wiki ijayo.

Siku moja ekzosi ya pikapu, yaani bomba la kutolea moshi, ilioza kwa kutu ikadondoka.

"Yalla, nunua nyingine," bosi akasema.

Dalmas akaenda kwa wauza vyuma chakavu. Huko akaliona bomba la inchi nne, nene kama paja la mcheza mieleka. Lilikuwa limetoka kwenye lori kubwa. Akalipenda hapo hapo. Yeye anaamini gari lisilonguruma ni la mchungaji, na bomba likiwa nene, gari linapata nguvu. Likachomelewa siku hiyo hiyo.

Jirani yake Elkanah, fundi katika karakana ya malori, akachungulia dirishani.

"Wafula, unaenda Riyadh au unataka kuruka?"

"Wacha wivu, jirani. Sikia nguvu hiyo!"

"Kelele naisikia. Nguvu bado."

Kwenye mlima wa Taif, njiani kwenda Riyadh, pikapu ilinguruma kama simba na kutembea kama kobe. Malori ya saruji yakaipita. Likapita lori lililobeba ngamia, na ngamia mmoja akageuza shingo kumtazama Dalmas kwa huruma. Dalmas akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Petroli ikaisha upesi, barafu ikayeyuka, na alipofika Al-Malqa watu walikuwa wameshakula.

Jerusha akatoka getini na mtoto wa madam begani, mtoto analia.

"Baba Mitchelle, ni wewe ama ndege imeanguka?"

"Ni ekzosi mpya, Mama Mitchelle. Umeisikia?"

"Nimeisikia ukiwa mitaa mitatu huko! Mtoto ndio alikuwa ameshika usingizi. Sasa ona!"

Madam akatokea, mikono kiunoni. "Hii gari mafi, hakuna kuja hapa tena! Wiki ijayo dereva mwingine alete samaki!"

Geti likafungwa. Baadaye Jerusha akamtumia ujumbe: "Tengeneza hiyo kitu. Sitaki bwana wa kuona kwa simu tu."

Dalmas aliporudi Jeddah akamwendea Elkanah. Elkanah akacheka kwanza, mpaka akashika ukuta. Kisha akampa mrija wa kunywea juisi.

"Ziba pua. Pumua kwa huu mrija. Panda ngazi."

Dalmas akapanda. Akarudi macho yamemtoka.

"Hilo ndilo bomba jembamba mno," Elkanah akasema. "Moshi unakwama. Injini inashindwa kupumua, inapata joto, inapoteza nguvu."

"Si ndio maana nikanunua nene!"

"Ngoja basi." Elkanah akafungua mpira wa kuoshea magari. "Ziba mdomo wake kidogo kwa kidole."

Maji yakaruka mbali, yakalowesha kanzu ya mwenye nyumba iliyoanikwa.

"Toa kidole! Toa!"

Maji yakadondoka miguuni.

"Umeona? Njia ikiwa pana mno, mwendo unapungua. Moshi ni hivyo hivyo. Ukitoka kwa kasi, unauvuta moshi ulio nyuma yake. Injini yako ni ndogo, moshi wake kidogo. Wewe umeupa uwanja wa mpira, unazurura tu! Ndio maana gari halivuti mlimani."

"Na lile lori lilitembeaje nalo?"

"Lori lina injini kubwa na turbo ya kuisukumia hewa, linatoa moshi mwingi. Pikapu yako umeivalisha viatu vya baba yake."

"Sasa nitajuaje saizi?"

"Soma kitabu cha gari, ama pima bomba la zamani. Pima upana wa ndani, si wa nje. Lako lilikuwa inchi mbili. Weka hiyo hiyo, toka mbele mpaka nyuma. Na wasilibonyeze kwenye kona. Likibonyea mahali pamoja, ni kama umenunua jembamba. Sailensa irudishe mahali pake, ndiyo inayopunguza kelele."

Dalmas akafanya hivyo. Kisha akamwomba bosi nafasi moja tu. Bosi akasimama kando ya pikapu.

"Washa."

"Imeshawaka, bosi."

Bosi akaweka mkono juu ya boneti, akacheka. "Yalla, nenda."

Alhamisi hiyo pikapu ilipanda mlima bila kuhema. Petroli ilibaki. Dalmas akafika Al-Malqa jua bado lipo, mtoto amelala fofofo. Madam akatoka, akawabonyeza samaki. Walikuwa wagumu kwa barafu. Akaitazama pikapu.

"Leo gari ina adabu. Jerusha! Mpe dereva chai. Akimaliza, aende."

Jerusha akamketisha kwenye mlango wa jikoni, akamwekea kikombe.

"Umemsikia madam. Ukimaliza chai, unaenda."

Dalmas akakitazama kile kikombe. Akaomba kijiko cha mtoto, akaanza kuinywa ile chai kidogo kidogo, kama dawa.